Kukoleza Mmoja, Kufifisha Saba

Aprili 2023 watu ambao hawajawahi kusoma ripoti hata moja ya hali ya hewa walikuwa wakitumiana grafu ya joto la bahari kwenye simu. Ilitoka katika tovuti ya Climate Reanalyzer, inayoendeshwa na Chuo Kikuu cha Maine nchini Marekani. Inaonyesha wastani wa joto la uso wa bahari siku kwa siku, Januari hadi Desemba, na kila mwaka una mstari wake, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980 zilipoanza kumbukumbu za setilaiti. Hiyo ni mistari zaidi ya 40 iliyobanana katika nafasi isiyozidi kiganja. Kwa kawaida mchoro wa namna hiyo mtu huutupia jicho, akachoka, akapita. Huu ulieleweka papo hapo. Miaka ya nyuma ilikuwa mistari ya kijivu, myembamba, imelaliana. Mwaka uliotangulia, 2022, ulikuwa wa rangi ya chungwa. Na 2023 ulikuwa mweusi, mnene, umejitenga juu ya yote. Mwanzoni mwa Aprili ulifika nyuzijoto 21.1 za Selsiasi, mahali ambapo hakuna mstari mwingine uliokuwa umewahi kufika.

Nimeitazama grafu hiyo mara nyingi, na kinachonivuta ni ile mistari ya kijivu. Huko ndiko kazi ilikofanyika. Kunenepesha mstari mmoja ni jambo la sekunde chache na mwenye kompyuta yeyote analiweza. Kuamua kwamba miaka 40 ibaki lakini inyamaze, hilo linataka fundi. Mwaka 1998 na mwaka 2016, ambayo yote ilibeba joto la El Niño kali, imo humo. Mchoraji angeweza kuifuta, akabakiza 2023 na wastani, na grafu ingeonekana safi zaidi. Lakini mkunjo mmoja mweusi kwenye karatasi tupu haumwambii mtu kama bahari imepata joto la kutisha au iko kama ilivyo siku zote. Habari imo katika ile nafasi nyeupe iliyoachwa kati ya mstari mweusi na rundo la kijivu, na rundo likiondolewa, nafasi hiyo nayo imeondoka.

Msikilizaji wa taarab ya Unguja analifahamu jambo hili bila kufundishwa. Mwimbaji akianza beti, fidla, kanuni na akodiani haziondoki jukwaani. Zinashuka, na bado zinasikika.

Jicho la binadamu ndilo linalowezesha haya yote. Mwaka 1980 wanasaikolojia Anne Treisman na Garry Gelade walichapisha nadharia iliyotokana na majaribio mepesi kuyaeleza: mtu anaonyeshwa alama nyingi na kuambiwa aitafute moja. Ikiwa inayotafutwa inatofautiana na nyingine kwa sifa moja tu, tuseme rangi, muda wa kuipata haubadiliki sana hata alama zikiongezwa maradufu. Inajitokeza yenyewe. Ikiwa tofauti yake ni mchanganyiko wa sifa mbili, kwa mfano herufi fulani ya rangi fulani katikati ya nyingine zenye ama herufi hiyo ama rangi hiyo, kila alama inayoongezwa inamchelewesha mtafutaji, kwa kuwa sasa analazimika kuzipitia moja baada ya nyingine. Anayechora mistari minane kwa rangi nane hampi msomaji sifa yoyote inayojitokeza. Anamtuma kwenye ufunguo pembeni, arudi kwenye mstari, asahau, aende tena. Anayechora saba kwa kijivu na mmoja kwa buluu amemaliza kazi hiyo kabla msomaji hajajua kwamba ilikuwapo.

Ustadi huu umeitangulia kompyuta kwa mbali. William Playfair, Mskoti aliyechapisha *The Commercial and Political Atlas* huko London mwaka 1786 na kuwaonyesha wafanyabiashara na wanasiasa kwamba uchumi unaweza kusomwa kwa mistari, aliandika jina la kila mstari juu ya mstari wenyewe. Huu wa bidhaa zinazoingia, huu wa zinazotoka, na mstari ukipinda maneno yanapinda nao. Rangi zilitiwa kwa mkono, nakala baada ya nakala. Mwaka 1915, huko Marekani, kamati ya viwango vya michoro ya takwimu chini ya Willard Brinton ilitoa orodha fupi ya kanuni, na mojawapo iliagiza kwamba mistari ya data itofautishwe waziwazi na mistari ya gridi iliyo nyuma yake. Kanuni hiyo nitairudia hapo mbele, maana umri wake haujaipunguzia kitu.

Halafu kulikuwa na kalamu. Wachoraji wa ramani na wa majengo walitumia kalamu za wino zenye upana uliopimwa: milimita 0.25, 0.35, 0.5, 0.7. Kila kalamu huizidi ya nyuma yake kwa takriban mara 1.4, hivyo ukiruka ngazi mbili upana unakuwa maradufu. Za Rotring zilikuwa na alama ya rangi ili mkono usikosee: nyeupe kwa 0.25, njano kwa 0.35, kahawia kwa 0.5, buluu kwa 0.7. Mtu alichagua uzito wa mstari kabla ncha haijagusa karatasi, na wino haukuwa na kitufe cha kurudisha nyuma. Kwa macho yangu vipimo vile bado ndivyo mwongozo bora kwenye skrini. Ukiongeza unene ngazi moja, msomaji anaweza asiutambue. Ukiongeza ngazi mbili, hakuna atakayebisha. Ukiongeza nne, mstari unakuwa bomba na huwezi tena kusoma thamani kamili iko wapi ndani yake.

Sasa tuje kwenye mfano wa kwetu, ambao una ugumu wa kutosha kuonyesha fundi anafanya nini hasa. Kundi la mashirika ya Umoja wa Mataifa linaloongozwa na UNICEF hutoa makadirio ya vifo vya watoto wasiotimiza miaka mitano, kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai. Chukua nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambazo ni nane tangu Somalia ilipojiunga rasmi Machi 2024, kisha chora kuanzia 1990 hadi 2021. Tuseme makala yako inahusu Tanzania, iliyoshuka kutoka zaidi ya 160 hadi chini ya 50 katika kipindi hicho. Una mistari minane, na habari yako imo katika mmoja.

Ukiipa data hiyo programu ya Matplotlib, ambayo watumiaji wa Python huitegemea sana, na ukaziorodhesha nchi kwa alfabeti ya Kiswahili, utaletewa Burundi kwa buluu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kwa rangi ya chungwa, Kenya kwa kijani, Rwanda kwa nyekundu, Somalia kwa zambarau, Sudan Kusini kwa kahawia, Tanzania kwa waridi na Uganda kwa kijivu. Programu haina neno na nchi yoyote. Inagawa rangi kwa foleni, na Tanzania imefika ya saba. Kwa bahati hiyo hiyo ya foleni, rangi inayopiga kelele kuliko zote imeiangukia Rwanda.

Na Rwanda haikuhitaji nyekundu. Mwaka 1994 mstari wake unapaa juu ya mistari yote, kisha unaanguka. Ni mauaji ya kimbari yaliyogeuzwa kuwa tarakimu. Hata ukiupaka kijivu, hata ukiufanya mwembamba kama unywele, jicho litakwenda pale kwanza, kwa kuwa umbo nalo ni sifa inayojitokeza, na mwinuko mmoja mkali katikati ya mistari mingine saba hauwezi kufichwa na rangi yoyote. Hapa ndipo wengi wanapotafuta njia ya mkato. Wapo watakaoanzisha grafu mwaka 2000 ili mwinuko ukatike, na kwa kufanya hivyo wanaitupa miaka kumi ya Tanzania yenyewe. Wapo watakaoiondoa Rwanda kabisa na kubaki na nchi saba, wasiseme kwa nini. Hilo la pili silikubali kwa hali yoyote. Majirani ni wanane au si wanane.

Fundi mzuri anauacha mwinuko ulivyo, kwa kijivu kile kile cha wengine, na pembeni ya kilele anaandika kwa herufi ndogo: Rwanda, 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Basi. Msomaji anapanda hadi pale, anapata jibu, anashuka kurudi kwenye mstari wa Tanzania, ambao ndio pekee uliopakwa buluu. Kinachomng'ang'aniza mtu mahali kwenye grafu, kuliko rangi, ni swali lisilojibiwa. Ukilijibu papo hapo, kwa heshima na kwa ufupi, jicho linakuwa huru. Kila ninapoona kijielezo kidogo cha kijivu kimewekwa mahali pake namna hiyo, najua aliyechora aliitazama data kama mtu, na alimfikiria atakayeitazama baada yake.

Kenya ni fundisho la namna nyingine. Mstari wake unaanzia karibu na 100 mwaka 1990, chini ya majirani wote, na katika miaka ya 1990, UKIMWI ulipokuwa ukienea, haukushuka. Ulipanda kidogo kabla ya kugeuka. Tanzania ilianza juu sana, tofauti ikiwa zaidi ya vifo 50 kwa kila watoto 1,000. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2020 tofauti hiyo haikuzidi kumi hivi. Ukisoma mstari wa Tanzania peke yake unaona kushuka. Ukiusoma pamoja na wa Kenya unaona nchi iliyokuwa nyuma ikimfikia jirani. Hiyo ni habari kubwa zaidi, na yote inategemea mstari ulioupaka kijivu. Kwa hiyo kijivu kisififie hadi kisomeke kwa taabu. Mistari saba inashushwa hadi pale ambapo msomaji asiyeitafuta hasumbuki nayo, na msomaji anayeitafuta anaufuata mmoja mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho.

Kupata kijivu hicho ni kazi ya mkono na ya subira. Kwenye skrini ya mchoraji, ndani ya chumba chenye mwanga hafifu, kijivu chepesi kinapendeza sana. Kipeleke kwenye projekta katika ukumbi wa mkutano wenye madirisha wazi saa nne asubuhi, na nchi saba zimetoweka ukutani. Gazetini kuna shida nyingine: mashine ya kuchapa gazeti haina wino wa kijivu, ina vitone vyeusi vilivyotawanywa, na mstari mwembamba wa vitone hukatika na kuonekana kama vumbi. Kwa gazeti ni afadhali mistari saba iwe myeusi kamili lakini myembamba kabisa, na mmoja uwe mnene. Mwenye uzoefu huuliza grafu inakwenda wapi kabla ya kuuliza irembwe vipi.

Na hapa ndipo ile kanuni ya 1915 inaporudi. Ukishaifanya mistari saba kuwa ya kijivu, gridi iliyokuwa ya kijivu tangu mwanzo inaanza kuchanganyika nayo. Mstari wa mlalo wa 100 unakutana na Kenya, na kwa kitambo mtu hajui kipi ni nchi na kipi ni kipimo. Lazima gridi nayo ishuke ngazi moja zaidi: ifanywe nyepesi sana, au ibakizwe mistari miwili mitatu tu, au iondolewe na kuachwa tarakimu za mhimili peke yake. Kila unapokishusha kimoja, kuna kingine nyuma yake kinachotaka kushushwa. Anayeitazama kazi iliyokamilika haoni chochote kati ya haya, na ndivyo inavyotakiwa.

Rangi ya ule mmoja nayo si ya kuchukua yoyote. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, wapatao 8 kati ya 100 wana tatizo la kutofautisha nyekundu na kijani. Kwingineko idadi ni ndogo zaidi, lakini ipo. Baadhi yao huiona kijani yenye ubuluu kama kijivu, maana yake mstari wako wa kijani uliokozwa kwa fahari utazama katikati ya ile saba iliyofifishwa. Buluu iliyokolea au chungwa lililoiva ni salama zaidi juu ya kijivu. Na hata ukiwa na rangi salama, unene uongezwe pia, ili nakala ya fotokopi isiyo na rangi bado iseme kitu.

Kuhusu programu nitasema yale ambayo mtu akishika panya hukutana nayo kweli. Excel ndiyo iliyoko kwenye ofisi nyingi, za halmashauri hadi za wizara, na haina kitufe cha kukoleza mmoja. Unabofya mstari wa kwanza, unaupaka kijivu, unapunguza unene. Wa pili hivyo hivyo. Hadi wa saba. Kisha inabaki hatua inayosahaulika: Excel huchora kwa kufuata orodha, wa mwisho ukikaa juu ya wengine, kwa hiyo unaingia kwenye orodha ya data na kuishusha Tanzania hadi mwisho. Usipofanya hivyo, Uganda, ambayo mkunjo wake unateremka karibu karibu na wa Tanzania, itapita juu ya buluu yako na kuikata kata. Mstari mkuu uliokatwa na mstari wa nyuma ni dosari ndogo, lakini jicho linaihisi hata kama mdomo hauwezi kuitaja. Katika Matplotlib jambo hilo hilo huwekwa kwa namba: kila mstari una tabaka lake, kwa kawaida tabaka la 2, na ule unaotaka uwe juu unaupa namba kubwa zaidi.

Tableau ina mtego wa aina yake, na unastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu matokeo yake hupendeza macho. Unatengeneza safu ya hesabu inayouliza: nchi hii ni Tanzania? Jibu ni kweli au si kweli. Unaiburuta safu hiyo hadi kwenye rangi, mahali ilipokuwa safu ya nchi, na mara moja unapata mistari miwili safi, ambayo unaipaka mmoja buluu na mwingine kijivu. Inavutia mno. Lakini ule wa kijivu si wa nchi yoyote. Programu imeambiwa kuna makundi mawili, kweli na si kweli, na kwa kawaida yake imejumlisha zile nchi saba. Ukitazama mhimili wa wima utaona kwamba mwaka 1990 mstari huo unavuka 1,000: vifo zaidi ya 1,000 kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa. Dawa yake ni kurudisha safu ya nchi kwenye kisanduku cha undani, ili kila nchi ibaki na mstari wake, huku rangi ikiamuliwa na lile swali. Anayeuangalia mhimili kabla ya kufurahia rangi ataugundua mtego huu mara moja.

Kwa wanaotumia R, naipenda ggplot2 ya Hadley Wickham kuliko zote kwa kazi hii moja, kwa sababu namna ya kuandika inafuata namna ya kufikiri. Programu hiyo ilijengwa juu ya mawazo ya Leland Wilkinson, aliyechapisha *The Grammar of Graphics* mwaka 1999, kwamba mchoro ni matabaka yanayopangwa. Unaandika kwanza: chora nchi zote, kijivu, nyembamba. Unaandika chini yake: chora Tanzania, buluu, nene. Kilichoandikwa baadaye kinakaa juu. Anayesoma msimbo huo miaka mitano baadaye anaelewa nia ya aliyeuandika. Kuna pia kifurushi cha gghighlight cha Hiroaki Yutani ambacho kinakuruhusu kutaja sharti badala ya jina, kwa mfano mistari yote iliyoshuka chini ya 50, na chenyewe kikafifisha iliyobaki. Ni kifaa chepesi, kizuri wakati bado unaichunguza data na hujajua habari iko wapi.

Majina ya nchi huleta ugumu wa mwisho. Kila mwongozo unasema jina liandikwe mwishoni mwa mstari, kulia, badala ya kuwekwa kwenye ufunguo, na mwaka 2020 grafu za maambukizi ya korona za John Burn-Murdoch katika gazeti la Financial Times ziliwazoesha wasomaji wengi kusoma hivyo. Lakini katika data yetu mwisho wa kulia umejaa: Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zote zimefika karibu mahali pamoja, na Burundi haiko mbali. Majina matano yatapandana. Hapo hakuna programu inayoweza kukuamulia. Kenya iandikwe kushoto, mwaka 1990, ambako iko peke yake chini. Rwanda jina lake tayari liko kwenye kilele. Kongo, Somalia na Sudan Kusini, ambazo zimebaki juu, ziandikwe kulia bila msongamano. Burundi na Uganda zitafutiwe mwanya katikati. Na Tanzania ipewe mwisho wa kulia, kwa buluu na herufi nene, pamoja na thamani yake ya mwaka wa mwisho. Ukiipa pia rangi hiyo ndani ya kichwa cha habari cha grafu, yaani neno Tanzania likaandikwa kwa buluu ile ile, kisanduku cha ufunguo kinakosa kazi na unakifuta.

Kuna kitu kimoja ambacho kinapaswa kuongezwa kwenye mstari mkuu na ambacho wengi hukiacha. Tarakimu hizi ni makadirio. Hutokana na sensa, na tafiti za kaya, na kumbukumbu za vizazi na vifo pale zilipo, na utafiti mpya ukitoka miaka ya nyuma nayo hurekebishwa. Wanaozitoa huambatanisha kiwango cha juu na cha chini cha kila kadirio. Kuweka ukanda huo kwa nchi nane kungeleta tope. Kuuweka kwa Tanzania peke yake, kivuli chepesi cha buluu pande zote mbili za mstari, kunawezekana na kunafaa. Ukiuinua mstari mmoja mbele ya watu, uoneshe pia unavyoweza kuyumba. Hilo naliona ni deni.

Na pale ambapo kila nchi inastahili zamu yake, kwa mfano katika ripoti ya Jumuiya nzima, chora vigrafu vinane vidogo vyenye mihimili ile ile. Katika kila kimoja mistari yote minane ipo, saba kwa kijivu, na nchi moja tu imekozwa. Burundi inasomeka mbele ya majirani zake, kisha Kongo, kisha Kenya, bila mmoja kumfunika mwenzake. Edward Tufte ndiye aliyeufanya mpangilio wa vigrafu vidogo ujulikane sana tangu kitabu chake cha 1983, na kompyuta imeufanya uwe rahisi. Una faida kubwa pia kwa wasomaji wetu, ambao wengi husoma kwenye simu. Grafu zinazokoleza mstari pale panya inapopita juu yake hazimsaidii mwenye simu, maana kidole hakielei juu ya kioo kama panya, na pia kinafunika kile anachotaka kukiona. Uamuzi wa upi ukolee ufanywe na mchoraji mapema.

Kwa hiyo, mhariri unayesoma haya, au mkuu wa kitengo unayesubiri ripoti ya robo mwaka: ukiletewa grafu ya mistari minane kwa rangi nane, mrudishie aliyeichora na umwombe akutajie kwa sentensi moja ni mstari upi unaobeba habari, na ni upi kati ya mingine unaoipa habari hiyo maana. Usiichapishe kabla hajakujibu yote mawili.